Uso wa Baba Abby

Kiamunyi ni mahali ambapo ukinunua viti vipya Jumanne, Jumatano jirani atakuuliza vile vya zamani umevipeleka wapi. Kwa hivyo uso wa Kamande ulipoanza kubadilika rangi, wa kwanza kujua hakuwa Kamande. Yeye hakuwa mtu wa kioo, hata ndevu alinyoa kwa kupapasa. Majirani ndio waliojua kwanza, wakafuata watu wa kanisa, kisha wateja wa mke wake. Wachuka, mke mwenyewe, alijua mwisho. Alidhani ni balbu ya sebuleni inaharibika.

Haikuwa balbu. Aliibadilisha, na uso ukabaki vilevile. Paji, pua na mashavu yalikuwa yameingia rangi ya kijivu yenye ubuluu ndani yake, mfano wa sufuria iliyosahauliwa motoni. Kuanzia kola kwenda chini alikuwa Kamande yuleyule wa siku zote.

Sababu yenyewe haikuwa siri kubwa, ila ilikuwa siri. Mwaka juzi Kamande alianguka bafuni akiwa na sabuni kichwani. Hospitalini wakamwambia moyo wake una tabia ya kukimbia ovyo, na kwamba siku moja utakimbia usirudi. Wakampa vidonge vyeupe vinavyoitwa amiodaroni, kimoja kila asubuhi. Muuguzi wa kliniki ya moyo, Chepchirchir, alimweleza polepole kwamba ndani ya nyama ya moyo kuna vijilango ambavyo potasiamu hupitia ikitoka, na dawa hii inavibana, ili moyo usipate haraka ya kupiga tena kabla haujatulia. Kamande akauliza, yaani ni kama kutia komeo. Chepchirchir akasema ndiyo, ni komeo. Kamande aliridhika. Komeo alilielewa.

Chepchirchir alimwambia pia kwamba dawa hiyo na jua hazipatani. Avae kofia pana na mikono mirefu, na apake losheni ya kuzuia jua, la sivyo ngozi itageuka. Hapo Kamande alicheka kwa adabu. Watu wa losheni ya jua aliwajua: ni watalii wanaokuja kutazama flamingo ziwani. Yeye ni mtu mweusi wa Njoro, amezaliwa juani, jua litamfanya nini tena? Na daktari alipomuuliza anafanya kazi gani, alijibu kwamba ni mwanakandarasi wa nyumba. Hakutaja kwamba kandarasi yenyewe ni ya kupiga mabati, na kwamba anapanda kupiga mwenyewe.

Sasa ugumu wa nyumba hii ulikuwa hapa. Kutoka Kiamunyi hadi Rongai hakuna fundi wa mabati aliyeaminika kuliko Kamande, na hakuna mwenye nyumba, hata awe mlokole namna gani, atakayemruhusu mzee mwenye moyo wa kuzimika apande juu ya nyumba yake. Akianguka, nyumba hiyo itaitwa “pale Kamande alianguka” hadi kiama. Kwa hivyo ugonjwa usitajwe, Kamande alikuwa ameamua hivyo siku aliyotoka hospitalini. Lakini Wachuka alikuwa na duka la vipodozi pale stejini, matatu zinaposimama. Na mume wa muuza mafuta ya ngozi akigeuka bluu, watu hawangoji daktari awaeleze. Kila mtu Nakuru anamjua mama fulani aliyejichubua na krimu hadi mashavu yakaungua. Mzee amekuwa akiiba krimu za mke wake. Uzee umemwingia vibaya. Ndivyo ilivyosemwa, na mtu akiisikia mara ya tatu alikuwa tayari anaijua hadi chapa ya krimu.

*

Mugure aliingia dukani asubuhi moja kununua mafuta ya kujipaka. Mugure ni mwenyekiti wa kina mama kanisani, na wakati huo alikuwa anajenga nyumba ya vyumba vitano ambayo alikuwa ameisimulia sana hata kabla ya msingi kuchimbwa. Alichukua chupa moja, akaifungua, akainusa, akaigeuza kusoma nyuma bila miwani. Kisha akairudisha mahali pake na kuisogeza ikae sawa.

“Mama Abby,” alisema, “hii ndiyo anatumia?”

“Nani?”

“Hakuna. Nimeuliza tu.”

Alinunua vibanio vya nywele akaenda. Wiki hiyo wateja wengine walikuja na maswali ya namna hiyo, na waliokuwa na adabu zaidi hawakuja kabisa. Binti mmoja wa chuo alirudisha chupa aliyokuwa ameshaifungua na kuitumia hadi nusu, akisema mamake amemwambia airudishe. Wachuka aliipokea. Chupa hiyo ilikuwa ya mafuta ya nazi.

Jioni ile Kamande alikuwa anakula githeri. Wachuka alisimama mlangoni akamwangalia, na hasira ya mchana mzima ikamtoka kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imekolea.

“Baba Abby, huo uso wako utanifungia duka.”

Kamande alitafuna alichokuwa nacho kinywani, akameza. Alisema githeri ni tamu. Wachuka aliona aibu mara tu maneno yalipomtoka, lakini hakuyarudisha. Alikuwa amechoka, na yalikuwa ya kweli.

Binti yao Abby, anayefanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, aliambiwa habari hizo kwa simu akasema mbona jambo dogo hilo. Achukue fandesheni inayofanana na shingo ya baba, ampake Jumapili kabla ya kanisa, amalizie na pauda. Watu wakimwona yuko sawa wiki mbili tatu, watasahau. Ulikuwa ushauri wa mtoto anayewapenda wazazi wake na ambaye hajawahi kumwona baba yake akitoa jasho kanisani.

Jumapili Kamande alikaa kwenye kiti cha jikoni na taulo shingoni, amefumba macho, mikono juu ya magoti, kama mtu anayeng'olewa jino. Wachuka alimpaka. Kusema kweli, ilikaa vizuri. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alimwona mume wake aliyemjua, akamwambia haraka ainuke wasichelewe.

Kamande alikuwa mzee wa kanisa na siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kupitisha sadaka. Kanisa lilijaa na jua lilikuwa kali. Mahubiri yalihusu subira na yalikwenda sana. Kola ya shati lake ilikuwa nyeupe alipoingia. Alipotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa kuzunguka shingo yote, na chini ya sikio la kushoto bluu ilikuwa imeanza kuchungulia. Mugure alikuwa ameketi nyuma yake. Alimgusa tu mwenzake kwa kiwiko, na mwenzake naye akamgusa aliyekuwa kando yake, na ikaenda hivyo hadi mwisho wa benchi.

Kabla ya hapo zilikuwa fununu. Baada ya kola, ilikuwa habari.

*

Wazee wawili wa kanisa walifika nyumbani Alhamisi. Msemaji alikuwa Mzee Mburu, mwenyekiti wao, mtu mpole anayeshika kikombe kwa mikono miwili. Walikunywa chai, wakasifu mvua, wakauliza habari za Abby na kama ameokoka huko Naivasha. Walisoma andiko moja na kuomba. Baada ya amina Mzee Mburu aliweka kikombe chini na kutazama kapeti.

“Ndugu yetu Kamande, Mungu alikuumba na rangi.”

“Ndiyo.”

“Tuliona ilikuwa inatosha.”

“Ilikuwa inatosha,” Kamande akakubali.

Mzee Mburu alieleza kwamba hawakuja kuhukumu. Kila mtu ana udhaifu wake, yeye mwenyewe alipaka nywele rangi mwaka fulani kabla ya harusi ya kijana wake na alijuta. Lakini kwa sababu vijana wanatazama, kamati ilikuwa imeonelea Kamande apumzike kidogo, asipitishe sadaka wala sahani za Meza ya Bwana hadi jambo hili lipoe. Alisema neno apumzike kwa upole sana. Mwenzake aliitikia kwa kichwa na kumalizia mkate uliokuwa umebaki.

Wachuka alikuwa jikoni na alisikia yote. Alifika hadi mlangoni na maneno yakiwa mdomoni tayari: ni dawa, wazee, mume wangu anakunywa dawa ya moyo, hebu muacheni. Kamande alimtazama mara moja tu. Wachuka alirudi jikoni akaosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshaoshwa.

Wageni walipokwenda alimuuliza kwa nini hakuwaambia.

“Niwaambie halafu nani atanipa mabati nipige?” Kamande alisema. Mzee Mburu mwenyewe alikuwa na nyumba za kupangisha zilizofika kimo cha lenta, karibu kuezekwa, na siri ikishaingia katika kamati ya kanisa hutoka na vipaza sauti.

“Na mimi je?” Wachuka akauliza. “Duka langu halina haki?”

Lilikuwa swali la haki na Kamande alilijua hivyo. Alikaa akafikiri kama fundi: paa likivuja, unatafuta msumari unaoleta maji, unaung'oa. Dawa ndiyo iliyoleta rangi. Rangi ndiyo inayomfungia mke wake duka. Kesho yake Wachuka alipompa kidonge na chai, kama kawaida, alikifumba kiganjani, akasema atakimeza njiani, na alipofika kazini akakitia katika mfuko wa ovaroli. Keshokutwa yake akafanya vilevile. Alimpenda mke wake na hakuwahi kumwambia, na hiyo ndiyo njia aliyoiona.

*

Aliacha dawa mahindi ya Kiamunyi yakiwa ya magoti. Yalifika kiunoni, na Kamande hakusikia chochote. Yalifika begani, na moyo wake ulipiga taratibu kuliko wa mtoto. Akaanza kuamini kwamba alikuwa amepona zamani na hospitali ilikuwa ikimpa vidonge kwa mazoea tu. Jambo moja tu lilimkera: rangi haikutoka. Alikuwa sasa mtu wa kioo. Kila asubuhi alijikagua bafuni, akigeuza shavu huku na huku, na kila asubuhi aliona bluu yake imekaa palepale kama mpangaji.

Mahindi yalipokuwa yanatoa maua, nyumba ya Mugure ilifika paa. Kazi alipewa Kamande. Mugure hakuwa na shida na mikono ya Kamande, shida yake ilikuwa na uso, na uso haupigi mabati. Kamande alipanda na mwenzake wa miaka mingi, Sitati, mtu wa Kaptembwo, ambaye huongea kidogo na hupiga msumari mara mbili tu.

Siku ya tatu ya kazi, wakiwa juu kabisa karibu na mgongo wa paa, moyo wa Kamande uliondoka. Haukuanza taratibu. Ulikuwa unapiga vizuri, halafu ukawa kuku aliyetiwa ndani ya gunia. Macho yakaingia giza pembeni. Aliweka nyundo, akalala kifudifudi juu ya bati la moto, akakumbatia paa kwa mikono yote miwili. Aliogopa. Hakuwa ameogopa juu ya nyumba tangu akiwa kijana, na alikuwa amesahau jinsi chini kulivyo mbali.

Sitati alimwangalia.

“Mzee, kuna nini?”

“Naangalia mstari.”

“Kwa tumbo?”

“Mstari unaonekana poa ukilala.”

Sitati alifikiria jibu hilo. Baadaye kidogo moyo ulirudi wenyewe, kama ulivyoondoka, na Kamande akaketi, akajipangusa, akaomba apewe misumari. Sitati alimpa. Alimwambia kwamba yeye angeweza kumalizia huku juu, mzee akae chini akate vipande. Kamande alimuuliza tangu lini fundi mkuu akakata vipande. Sitati hakubishana. Alisogeza tu ile kamba ya kupandishia mabati ikawa karibu na mkono wa mzee, na tangu hapo hakuwa akimpa mgongo.

Nyumbani Kamande hakulitaja tukio hilo. Alikula, akauliza kuhusu duka, akaambiwa ni vilevile. Alijiambia kazi ya Mugure ikiisha atarudia dawa. Lakini akirudia dawa rangi itaongezeka, na duka litakufa kabisa. Akaliacha jambo hilo hapo.

*

Ilikuwa mvua iliyomfunua. Kwa kawaida Kamande huacha ovaroli yake kazini, ikining'inia kwenye msumari, na huifua mwenyewe akiona sasa inasimama bila mtu ndani yake. Wiki hiyo ilinyesha ghafla akarudi nyumbani ameloa chapachapa. Asubuhi kulipokucha kweupe alivaa suruali nyingine akawahi kazini kufunika mgongo wa paa kabla mawingu hayajarudi. Wachuka aliiona ovaroli nyuma ya mlango, akaitia kwenye beseni.

Maji yalibadilika kuwa kama maziwa. Alidhani ni chokaa. Alitia mkono mfukoni akatoa uji mzito mweupe, na ndani ya uji vidonge ambavyo havijayeyuka vizuri, vingine bado vina ule mstari wa kuvigawanya katikati. Vilikuwa vingi. Kila kimoja yeye ndiye aliyempa kwa mkono wake, na chai.

Alikaa chini hapo uani, mikono ndani ya beseni. Hakuhitaji kuuliza kwa nini. Huo uso wako utanifungia duka. Alikuwa amemwambia mtu anayeishi kwa vidonge kwamba vidonge vyenyewe ndivyo tatizo, na mtu huyo, ambaye hukataa kubadilisha hata upande wa kulala, alikuwa amemsikia mara moja na kutii. Wachuka alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akajifuta na gauni, akampigia Kamande. Simu haikushikwa. Akiwa juu huiacha chini ndani ya kofia. Akampigia Chepchirchir wa kliniki.

Alimweleza. Chepchirchir alimuuliza ameacha tangu lini. Wachuka alisema kwa vile vidonge vilivyo, inaweza kuwa tangu mahindi yakiwa madogo. Na ameonekana mzima kabisa, akaongeza, kama mtu anayejitetea.

“Ataonekana mzima, mama,” Chepchirchir alisema. “Hiyo dawa haitoki haraka. Inajificha ndani ya mafuta ya mwili, inaendelea kufanya kazi wiki nyingi, hata miezi. Mtu anaacha, anajisikia poa, anasema amepona. Halafu inaisha, na ikiisha haipigi hodi.”

“Nimpe kimoja sasa hivi?”

“Kimoja hakitafanya kitu leo. Mlete tumpime. Yuko wapi?”

“Kazini.”

“Anafanya nini huko?”

Wachuka alitazama beseni.

“Anapiga mabati.”

“Akiwa juu?”

“Juu.”

“Mama, mshushe.”

Wachuka alikuwa ameshasimama, lakini kulikuwa na swali moja lililomwaibisha na hakuweza kuliacha. Aliuliza kuhusu rangi. Chepchirchir alisema rangi huchukua mwaka kufifia, au zaidi, na wengine haiwatoki yote, kwa hivyo kuacha dawa wiki hizi chache hakukubadilisha chochote usoni. Kamande angewaambia tu pale kliniki kwamba inamsumbua. Kuna dawa nyingine ya aina hiyohiyo, inayobana vijilango hivyohivyo, ambayo daktari angeweza kumjaribishia akiwa amelazwa siku chache chini ya mashine. Lakini kliniki haikuwa imeambiwa. Wachuka alisema asante, akatoka na povu likiwa bado mikononi.

*

Mugure alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yake, na wenzake wawili wa kina mama wakiwa wamekuja kuona paa. Lilikuwa paa zuri, rangi ya damu ya mzee. Kamande alikuwa juu kabisa amekaa amepanda mgongo wa paa, miguu huku na huku, anapiga. Sitati alikuwa upande wa nyuma. Chini kulikuwa na mafundi wawili wa mawe wanachanganya zege.

“Baba Abby,” Wachuka aliita. “Shuka.”

“Namalizia.”

“Kuna simu ya Abby.”

“Mwambie nitampigia.”

“Kuna mgeni nyumbani.”

“Mpe chai.”

Mugure na wenzake walikuwa wanasikiliza kwa utulivu wa watu walioketi mahali pazuri. Wachuka aliona angeweza kudanganya hadi jioni na mume wake angejibu yote kutoka huko juu, akipiga misumari katikati. Alijua ukweli utakuwa na bei gani. Ukisemwa hapa, mbele ya hawa watatu, kesho hakuna nyumba hadi Rongai itakayompa Kamande ngazi. Hizo nyumba za Mzee Mburu zimekwenda. Na Kamande bila mabati ni nani? Wachuka mwenyewe hakujua, na hakuna aliyewahi kujua, kwa sababu tangu amjue amekuwa akinuka bati na jasho. Nyundo ilisimama. Kamande alikuwa ameweka mkono kifuani, kidogo tu, kama mtu anayetafuta kalamu, kisha akaushika tena mgongo wa paa.

“Kamande,” Wachuka aliita. Hakuwa amemwita kwa jina lake mbele ya watu tangu Abby azaliwe. Alisema kwa sauti kubwa, polepole, ili asirudie. “Wewe ni mgonjwa wa moyo. Hiyo rangi ya uso ni ya dawa ya moyo. Uliacha kuimeza kwa ajili ya duka langu, na sasa imeisha mwilini. Nimeongea na hospitali. Shuka kabla hujaanguka.”

Sitati alitokea kutoka upande wa nyuma akitembea juu ya misumari, bila haraka, na kamba mkononi. Alimfunga mzee kiunoni na upande wa pili akaufunga kwenye boriti.

“Mzee, twende,” alisema.

Mafundi wa mawe waliacha karai wakaja kushika ngazi, mmoja kila upande. Maisha yake yote Kamande hakuwa ameshikiwa ngazi. Alishuka akitazama ukuta. Katikati alisimama, akafumba macho, na mdomo wake ukawa na rangi ambayo haikuwa ya dawa. Sitati aliikaza kamba huko juu. Walingoja wote, Mugure amesimama, zege linakauka. Kisha Kamande alifumbua macho akatafuta ngazi ya chini yake kwa mguu, akaendelea hadi akafika.

Mugure alimpa kiti chake. Alimwambia akae, Baba Abby, pole sana, mbona hukusema, hata dadake aliugua moyo. Alikuwa anasema kweli, alikuwa na huruma. Alituma mmoja wa wenzake akalete maji. Halafu akamwambia, kwa upole uleule ambao Mzee Mburu alikuwa nao, kwamba Sitati atamalizia, na kwamba yeye Kamande asipande tena juu ya nyumba yake. Kamande alisema ameelewa. Yule mwenzake Mugure aliyebaki alikuwa amesogea pembeni na simu sikioni, akiwa ameupa umati mgongo.

Wachuka alipomshika mume wake mkono wakaanza kuondoka, Mugure aliwafuata hatua kadhaa.

“Mama Abby. Kwa hivyo haikuwa mafuta.”

“Haikuwa.”

“Basi niwekee ile ya kupaka usiku. Ile kubwa.”

Walitembea hadi barabara ya lami. Kamande alikuwa anakwenda polepole na Wachuka alikuwa anamtazama kifua. Walipofika chini ya kivuli cha kibanda cha M-Pesa Kamande alisimama kungoja tuktuk.

“Umenimaliza, Mama Abby,” alisema.

“Afadhali nikumalize mimi.”

Machozi yalikuwa yamemjaa Kamande machoni na aliyaacha yateremke juu ya bluu, mchana kweupe, watu wakipita. Tuktuk ilikuja. Dereva, kijana wa hapohapo, alimkodolea mzee macho usoni kwa kitambo kisha akakumbuka adabu, akamuuliza Wachuka: mathe, mnaenda wapi?

Wachuka alifungua mdomo, lakini Kamande alikuwa amewahi.

“Kliniki ya moyo,” alisema. “Ni mimi naenda.”